Nafasi ya Jina la Pili

Simu iliita nikiwa nimesimama mbele ya ubao katika ukumbi wa kukodi huko Chimwaga, nikiwaeleza vijana wa mradi mpya wa hereni za mifugo jambo ambalo nimelieleza mara nyingi mpaka nimelichukia. Nilikuwa nawaambia kwamba katika nyanda hizi za kati ng'ombe mmoja huwa na watu wawili: mwenye ng'ombe, na anayemlisha. Mfumo wao mpya, unaokaa kwenye vishikwambi, ulikuwa na nafasi moja tu ya jina. Nilitaka ziwe mbili. Walinisikiliza kwa ile adabu wanayopewa wastaafu, yaani huku wakisoma simu zao chini ya meza. Kisha yangu nayo ikaita, na aliyepiga alikuwa Rehema, binti wa Mzee Shabani. "Shikamoo, mama," alisema. "Baba ametutoka alfajiri. Tunazika leo baada ya alasiri." Niliitikia marahaba kwa mazoea. Nilipoanza kukusanya karatasi zangu, mwenyekiti wa kikao akaniinamia. "Pole sana, mama Dorika. Ila hiki kipengele chako tunakipitisha leo hii hii. Ukiondoka hakuna wa kukisemea." Nilisimama pale na mkoba begani, na nilikasirika kiasi cha kutaka kucheka, maana nilikwisha kuwekwa katika njia panda hiyo hiyo zamani, na Mzee Shabani mwenyewe, na kwa kitu hicho hicho.

Mwaka ninaousema, ofisi yetu ilikuwa jengo refu la bati upande wa Kizota, limebanwa na karakana ya kuchomelea mageti kushoto na mashine ya kukamua alizeti kulia, kwa hiyo tulifanya kazi tukisikia msumeno wa chuma na kunuka mashudu. Ulikuwa mradi wa chanjo na majosho. Kila ng'ombe aliyechanjwa alivishwa hereni sikioni, na namba yake ikaingizwa kwenye kompyuta pamoja na jina la mtu. Wafadhili walikuwa watatu, hawakupendana, na kila mmoja alileta kompyuta za kwao. Chumba cha mifugo kilipata zile za kawaida zenye skrini nyeusi. Chumba cha takwimu kilipata mashine moja kubwa kama friji, na skrini za maandishi ya kijani zilizoinyonya kama ndama. Chumba cha mipango, ambacho mkuu wake tulimwita Daktari, kilipata zile za rangi ya maziwa zenye kipanya cha kitufe kimoja, ambazo Daktari alizifunika vitambaa vya kudarizi kila alipokwenda kula. Hakuna aina iliyoielewa nyenzake. Ndipo mtaalamu mmoja wa kigeni, kabla hajapanda ndege ya kurudi kwao, akatuachia dawa: lugha ya kutengenezea kanzidata ambayo kitabu chake kiliahidi kwamba ukiandika programu mara moja tu, itakwenda popote, kwenye mashine za kila aina. Jina lake silitaji. Ilikwisha kufa siku nyingi, na marehemu hasemwi, ingawa mimi nitaisema.

Mimi niliajiriwa ili ahadi ile itimie. Nilikuwa binti, nimetoka kwenye kozi Dar es Salaam na cheti kilichofungwa kwenye nailoni, na nilidhani kitabu kikisema jambo basi limekwisha. Niliandika programu katika chumba cha mifugo, ikaenda vizuri, watu wakapiga makofi. Nikaipeleka chumba cha takwimu, ikasema haioni faili lake lenyewe, kwa sababu mashine ile kubwa ilitofautisha herufi kubwa na ndogo na zile nyingine hazikujali. Nikarekebisha. Nikaenda kwa Daktari, nikakuta kitufe nilichowafundisha watu wote kubonyeza ili kuhifadhi kazi, kwenye mashine zake hakipo kabisa. Nikarekebisha. Kurudi mifugo, tarehe zimegeuka, mwezi umekaa mahali pa siku, na kuna ndama waliochanjwa kabla hawajazaliwa. Bi Tesha, mkuu wa chumba cha mifugo, alinionyesha ndama mmoja wa namna hiyo kwenye skrini na kuniuliza kwa upole kama hiyo ndiyo elimu ya Dar. Ukitibu jicho, sikio linauma. Ukitibu sikio, jino. Ilifika mahali nikisikia neno "popote" natamani kupiga mtu.

Ofisini lugha ile tuliiita Mkwe. Alianza Mzee Shabani, mtunzaji wa ile mashine kubwa, na jina likashika. Mzee Shabani alikuwa mtu wa mjini hasa, wa wale Waislamu wa Dodoma ambao mababu zao walifuata misafara ya biashara, wakafika hapa, wakaona inatosha. Ndugu zake waliuza vitambaa sokoni. Yeye alipenda mashine. Alivaa kofia ya kufuma na sweta hata Oktoba, kwa kuwa chumba cha mashine kubwa kilikuwa na kiyoyozi pekee katika jengo zima, na mchana aliniita nikale humo, kwenye baridi, ugali na mlenda kutoka kwa mama mmoja wa genge la jirani. Alikula polepole, akiangalia taa za mashine zikipepesa. "Mkwe hana ubaya, binti yangu," alisema. "Ila ana miiko. Mnaweza kumsalimia wengi, mnaweza kumletea habari wengi. Lakini ukitaka kuhamisha jiko lake, wengine wote watoke nje." Alimaanisha jambo la kweli kabisa. Faili lilikaa kwenye mashine kubwa, vyumba vyote vimeungwa nayo kwa waya. Kuandika na kusoma majina, watu wote wa vyumba vitatu waliweza kufanya kwa pamoja. Kubadili umbo la faili lenyewe, kwa mfano kuongeza nafasi mpya, kulihitaji uwe peke yako. Mtu mmoja akiwa ameacha faili wazi, chumba chochote, Mkwe alitoa jibu moja: faili linatumika. Hakusema linatumiwa na nani.

Na hapo ndipo ofisi yetu iliponishinda. Nadhani kila aliyefanya kazi katika ofisi za miaka ile analijua koti la kwenye kiti. Mkuu anafika asubuhi, anavua koti, analivisha kiti, kisha anakwenda zake. Anayemuulizia anaambiwa yupo, koti si lile pale? Bwana Lugano wa takwimu alikuwa na koti la kijivu ambalo nilikuja kulijua kuliko nilivyomjua yeye, maana mwenyewe alikuwa shambani kwake akipogoa mizabibu. Kompyuta zilipokuja, koti likapata mwenzake. Skrini iliyowaka, yenye faili wazi na jina la ng'ombe fulani katikati, ikawa ushahidi wa pili kwamba mtu yupo kazini. Hakuna aliyefunga faili. Walifungua asubuhi, wakafunga mlango kwa ufunguo, wakaondoka na ufunguo, na jioni mashine kubwa ilipozimwa kwa amri ili kuilinda na umeme wa usiku, kila kitu kilizimika pamoja, na asubuhi haikuwashwa mpaka wakuu wafike. Kabla sijaajiriwa kuna mtu aliwahi kuwatoa watumiaji kwa nguvu ili afanye marekebisho, faili likaharibika, chanjo za wilaya nzima zikapotea. Ikatoka amri kwamba hatolewi mtu. Kwa hiyo siku nzima Mkwe alikuwa na wageni watatu wasiokuwepo.

Ningeweza kuishi na hayo. Nilikuwa nimeanza kuzoea, na mshahara ulikuwa unatoka. Kisha akaja Mama Nyemo kutoka Gulwe. Nilimkuta asubuhi moja amekaa kwenye kibaraza, miguu yenye vumbi la treni ameinyoosha, kibuyu cha maziwa ya mgando pembeni. Aliwasalimia waliopita, "Mbukwenyi," wakapita. Nikamwitikia kwa Kigogo, kisha nikaongeza shikamoo.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye unayeandika ng'ombe?"

"Ndiye mimi, mama."

"Umeandika ng'ombe wangu kwa mtu."

Nilimwingiza kwenye chumba cha baridi, na Mzee Shabani akamkaribisha kiti. Alieleza kwa Kiswahili chake cha kuchagua maneno moja moja. Mwaka wa ukame alipeleka ng'ombe wake Godegode kwa rafiki wa familia, Mzee Chidawali, kwa sababu huyo rafiki ana mto na mama hana. Ni jambo la kawaida kwetu, hata leo. Huweki ng'ombe wako wote zizi moja; ugonjwa ukiingia huku, kule wamepona. Anayewalisha anakunywa maziwa na kupata mbolea, ndama wanabaki wa mwenyewe. "Hatukugombana hata siku moja," alisema. "Chidawali amekufa. Mwanawe, Elia, ametoa karatasi yenu. Inasema ng'ombe ni wa baba yake. Nilipeleka wazee, mtendaji wa kijiji akasema wazee wanasahau, kompyuta haisahau. Mnada wa mwisho wa mwezi Elia anawauza. Wakishapanda lori nitamdai nani? Nilidai lori?"

"Ni wangapi, mama?" nikauliza.

"Ndio wote nilio nao."

Nilijua kilichotokea kabla hajamaliza. Wachanjaji wetu walipopita Godegode waliandika kwa penseli kwenye kadi zao ukweli wote: hereni fulani, ng'ombe wa Mama Nyemo, yuko kwa Chidawali. Kadi zilipofika ofisini, Mkwe alikuwa na nafasi moja ya jina, na maelekezo ya wafadhili yalisema aandikwe mwenye zizi ambamo ng'ombe analala. Jina moja likaingia, moja likatupwa. Halikutupwa na mtu mbaya. Lilitupwa na kila mtu, kila siku, kwa mamia ya ng'ombe. Kulibadili jina lililokwisha kuingia kulihitaji sahihi ya aliyeandikwa, naye alikuwa kaburini. Mzee Shabani alifuta mikono yake akafikiri. "Kufuta jina la Chidawali ni uongo vilevile," alisema, "kwa sababu kweli aliwalisha. Ongeza nafasi ya pili. Ya kubadili jina kuna fomu. Ya kuongeza nafasi hakuna aliyewaza kutunga fomu." Programu yenyewe niliiandika siku mbili tatu, ikiwa imepimwa kwa vyumba vyote, herufi kubwa na ndogo, vitufe, tarehe. Kazi ya mwisho, ya kufungua nafasi ndani ya faili, ilikuwa ya muda mfupi kuliko kupika wali. Nilichohitaji ni watu watatu watoke.

Sijawahi kuomba kitu kidogo kwa unyenyekevu mkubwa namna ile. Bwana Lugano, nilipompata, alisema, "Mwambie Daktari atoke kwanza, mimi sina neno." Daktari alinitazama juu ya miwani. "Nikitoka mimi, halafu mfadhili apige simu, aambiwe mipango imefungwa?" Bi Tesha alikuwa mkweli kuliko wote. "Mwanangu, nitatoka wenzangu wakitoka. Nikitangulia, kesho wataambiana kumbe chumba cha mifugo hakina kazi." Nikarudi kwa Lugano, nikakuta koti. Nikarudi kwa Daktari, nikakuta kitambaa cha kudarizi na chini yake skrini inawaka. Kuta zetu zilikuwa za mbao laini, na saa ya chai nilisikia Bi Tesha akimwambia mtu, "Huyu binti anataka wote tutoke, sijui anataka kufagia," wakacheka. Kila asubuhi Mama Nyemo, aliyekuwa amefikia kwa jamaa zake hapo hapo Kizota, alikuja kukaa kibarazani. Hakunilaumu. Alinisalimia, akaniuliza, "Wametoka?" Nikasema bado, mama. Akasema haya. Ningependelea anitukane.

Mnada ulikuwa Jumamosi. Alhamisi asubuhi nilifika nikakuta ua una watu wamesimama makundi makundi wakizungumza kwa sauti ya chini, na nikajua kabla sijaambiwa. Mama yake Mzee Shabani alikuwa amefariki alfajiri, maziko ni baada ya adhuhuri. Kwetu ofisi haifungwi kwa mvua, wala kwa kukatika umeme. Hufungwa kwa msiba. Gari la mradi lilikuwa linajazwa mafuta. Na niliona jambo ambalo sikuwahi kuliona tangu nianze kazi: Bwana Lugano alitoka chumbani amevaa koti lake. Siku ya msiba hakuna anayeacha koti kwenye kiti, kwa sababu siku hiyo kuonekana uko kazini ni aibu. Walifunga mafaili mmoja baada ya mwingine. Bi Tesha alijitanda khanga, akaning'iniza ufunguo wake kwa mlinzi. Wote wakaning'iniza. Nami nilikuwa nimekwisha kuchukua mtandio wangu, nimesimama kwenye foleni ya kupanda gari, nikilia, kwa sababu nilimpenda yule mzee na mama yake aliwahi kunilisha visheti.

Mzee Shabani mwenyewe akaingia uani. Alikuwa anatoka sokoni kwa ndugu zake, sanda imefungwa kwenye gazeti chini ya kwapa lake. Watu wakampisha, wakampa pole, akaitikia kila mmoja. Alinifikia mimi, akanivuta pembeni ya mlango wa mashine kubwa, na kunipa ufunguo wake.

"Wametoka wote?"

"Wametoka, Mzee. Pole sana. Mimi nakuja huko..."

"Usije."

"Mzee, siwezi. Watanionaje?"

"Watakuona vibaya," alisema. Macho yake yalikuwa mekundu. "Dorika, mama yangu ameshakufa. Uje, usije, tutamzika. Ng'ombe wa yule mama wako hai. Baki."

Nataka nieleweke hapa. Kukosa msiba wa mfanyakazi mwenzako, tena wa mama mzazi, tena ukiwa mzima na gari lipo, si utovu wa adabu tu. Ni kujitoa kwa watu. Nilijua hivyo, na yeye alijua, na alikuwa ananiomba hilo siku ambayo huwezi kumkatalia mtu. Gari likaondoka. Niliona nyuso kwenye dirisha zikigeuka kunitazama, uso wa Bi Tesha ukiwa wa mwisho.

Nilichukua funguo nikaingia chumba hadi chumba. Viti vilikuwa uchi. Nilihakikisha hakuna faili lililoachwa, nikarudi kwenye baridi, nikamwamuru Mkwe afungue nafasi ya pili, nikingoja lile jibu lake. Hakulitoa. Hesabu ikaanza kupanda kwenye skrini ya kijani, rekodi kwa rekodi, na mashine ya alizeti ya jirani ikanguruma, taa zikafifia, nikashika meza kwa mikono miwili kana kwamba nitauzuia umeme usikatike. Haukukatika. Nikaenda mifugo, nafasi ya pili ipo. Nikaenda kwa Daktari, nikafunua kitambaa, ipo. Ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho kuona ahadi ya kitabu kile ikitimia, jambo moja, limeandikwa mara moja, likisomeka vyumba vyote vitatu, na hapakuwa na mtu wa kumwonyesha ila Mama Nyemo. Nilitoa kadi za Godegode kwenye boksi, nikaingiza jina lake kwenye kila hereni yake, nikachapa. Mwenye: Mama Nyemo. Mlishaji: Chidawali. Aliishika karatasi kwa ncha za vidole, hajui kusoma, akaniuliza jina lake liko wapi nikamwekea kidole. "Na Chidawali umemwacha?" akauliza. Nikasema nimemwacha. "Vizuri," alisema. "Alikuwa mtu mwema." Akapanda treni ya jioni. Elia alikuwa ametegemea karatasi ya kompyuta, na karatasi ya kompyuta ikamtoa. Mtendaji akaisoma, akaagiza ng'ombe watolewe. Siku ya mnada ng'ombe walikuwa wanavuka mchanga wa mto Kinyasungwe kurudi Gulwe.

Mimi nilibaki Kizota kulipia. Hakuna aliyenigombeza. Chai ilikuwa inaletwa kwa birika moja kubwa na Bi Tesha ndiye aliyemimina, akimpa kila mtu kikombe chake. Wiki ile alimimina, akagawa, akafika nilipokaa, akafunika birika. Siku iliyofuata hivyo hivyo. Nilimsikia nyuma ya ukuta wa mbao, hajali kama nasikia: "Asiyezika, atazikwa na nani?" Nilinyamaza kwa sababu ningesema ukweli wangeijua nafasi ya pili, na nilikuwa nataka iishi, nilikuwa na kadi za kijiji hadi kijiji za kuingiza. Haikuishi. Haujapita mwezi Daktari alikuja na barua inayosema jedwali la wafadhili lina jina moja na faili lirudishwe lilivyokuwa. Sikujua alipataje habari. Nikamwambia, kwa jeuri iliyokuwa imebaki, kwamba ili kuiondoa nafasi ile inabidi vyumba vyote vitoke. Wakatoka. Wote watatu, kwa pamoja, papo hapo, wakasimama uani kwenye jua wakipiga soga mpaka nilipomaliza. Nimekaa na hasira ya asubuhi ile maisha yangu yote na haijapungua. Mzee Shabani alikaa pembeni yangu nilipokuwa naifuta, akanimiminia chai yake ya tangawizi kwenye kifuniko cha chupa. Nilikunywa chai kwenye kifuniko kile mpaka mwaka ulipokwisha na nikapata kazi kwingine.

Kwa hiyo leo, pale Chimwaga, nilipoambiwa hakuna wa kukisemea kipengele changu, nilijua vizuri sana Mzee Shabani angesema nini. Angesema baki. Niliondoka. Nilikuwa nimekosa maziko moja ya nyumba ile, sikuwa tayari kukosa mawili, hata kama marehemu mwenyewe angenifukuza. Nilikuta wanaume wamekwisha kutandika majamvi nje na wanawake wamejaa ndani. Rehema alinishika mikono, na baada ya pole na dua akaniambia, "Baba alikuwa akikutaja. Alisema bibi alipokufa watu wote walimpa pole, wewe peke yako ndiye uliyempa alichoomba." Nilijifunika khanga usoni nikalia kwa muda, na sikuona haya.

Nilipoifunua, mbele yangu mkekani alikuwa amekaa Bi Tesha. Amezeeka, fimbo iko kando, lakini macho ni yale yale. Alisogea akanipa nafasi. "Leo umekuja," alisema.

Nilikuwa nimeliandaa jibu hilo tangu ujana wangu. "Shikamoo, Bi Tesha. Hata siku ile ningekuja. Ni yeye aliyeniambia nibaki. Kulikuwa na kazi ya yule mama wa Gulwe."

"Marahaba. Tulijua."

"Mlijua lini?"

"Siku ya tatu ya msiba, hapa hapa. Shabani alituambia mwenyewe. Alisema Dorika msimlaumu, mimi ndiye niliyemwacha ofisini, afungue nafasi ya yule mama. Daktari alikuwepo."

Ndivyo Daktari alivyojua, basi. Mzee Shabani alitaka kunisafisha jina, na kwa kunisafisha akaiua nafasi tuliyoihangaikia, na kwa miaka yote hiyo hakuthubutu kuniambia. Na jina lenyewe halikusafishika. "Mlijua," nilisema, "na bado ulinifunikia birika mwaka mzima?"

Bi Tesha alinitazama kama mtu anayeulizwa kwa nini jua linachomoza upande ule. "Kujua ni kujua, mwanangu," alisema. "Kuzika ni kuzika."

Simu ikatetemeka kwenye mkoba. Ulikuwa ujumbe wa mwenyekiti wa kikao, wenye adabu zote: pole kwa msiba, kikao kimemalizika salama, kipengele kimepita kilivyo, nafasi moja ya jina, la pili litafikiriwa awamu ijayo. Huko Gulwe na Godegode na kwingine kote wataanza kuingiza mwezi huu. Niliusoma mara mbili nikaizima simu. Nje tulisikia sauti za wanaume wakiinua jeneza, na sisi ndani tukainuka pamoja kwa dua, kisha tukakaa. Binti mmoja akaleta birika na Bi Tesha akalichukua kutoka mikononi mwake, kwa mazoea, akaanza kumimina. Alimpa aliyekuwa kulia kwake, akampa aliyefuata, kisha akanyoosha mkono na kunipa mimi. Nilikuwa na hasira ya kuweza kuvunja kikombe. Nilikinywa chote. Chai ilikuwa na tangawizi, ilikuwa tamu, na hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote.